Tai Ikivuliwa, Kanuni Iandikwe

Tarehe 28 Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda, ile isiyohitaji tai, bungeni. Mbunge mwanaume, alieleza, anapaswa kuvaa koti, shati la kola la mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Wabunge wanawake waliambiwa sketi na magauni yapite magoti, na blauzi zisizo na mikono zisionekane. Kipindi hicho hicho Rais William Ruto alikuwa akiivaa suti ya Kaunda Ikulu na katika ziara zake, na viongozi wengine walikuwa wameanza kumfuata. Vazi lililomtosha mkuu wa nchi kupokea wageni wake likawa halimtoshi mbunge kuchangia muswada. Kitambaa ni kile kile na mshono ni ule ule. Kilichotofautiana ni nani mwenye mamlaka ya kusema lipi ni vazi la heshima. Mvutano wa namna hii unaendelea kila siku, kwa sauti ya chini zaidi, katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, na watu wanaoumia humo hawana kipaza sauti cha bunge cha kujitetea.

Kampuni nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zimeacha kudai suti na tai kila siku. Zinataka vazi la katikati, lile ambalo vijana wa maofisini huliita smati kazho: suruali ya kitambaa au kadeti, shati la kola, viatu vya kufunika, sketi na blauzi, gauni la kazini, pengine shati la kitenge siku ya Ijumaa. Ni uamuzi mzuri, na sababu zake nitazieleza. Tatizo liko kwenye namna unavyotangazwa. Ofisa rasilimali watu anatuma barua pepe ya mistari miwili akisema kuanzia mwezi ujao wafanyakazi wavae "nadhifu na kwa staha" bila kulazimika kufunga tai, basi. Mwajiri anaamini amepunguza masharti. Mimi nasema ameyaongeza, kwa sababu sharti lililokuwa likijulikana na wote sasa limehamia machoni mwa msimamizi. Ofisi inapovua tai ndipo inapohitaji kanuni iliyoandikwa kwa uwazi kuliko wakati mwingine wowote, na kanuni hiyo ianzie kwenye kazi inayofanywa, hali ya hewa ya mahali, na mfuko wa mfanyakazi.

Suti, pamoja na gharama na joto lake, haihitaji maelezo. Mhasibu mpya anayeripoti kazini Jumatatu anajua avae nini, na bosi wake akitaka kumkosoa hana pa kushika. Ukiiondoa, maswali yanazaliwa kwa kasi. Je, jinzi nyeusi isiyochanika inakubalika? Raba nyeupe zilizosafishwa? Fulana ya kola? Sendo za ngozi? Wamarekani walikumbana na maswali haya mapema. Katika visiwa vya Hawaii, miaka ya 1960, watengenezaji wa nguo waliendesha kampeni ili shati la maua la visiwa hivyo lipate nafasi maofisini, hasa siku ya Ijumaa. Mwaka 1962 waliwagawia hata wabunge wao mashati hayo. Mazoea hayo yalivuka bahari hadi bara, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 makampuni mengi makubwa yakawa yameruhusu siku za kuvaa bila suti. Wafanyakazi walichanganyikiwa na mameneja walichanganyikiwa zaidi. Mwaka 1992 kampuni ya Levi Strauss, iliyokuwa ikiuza suruali za kadeti za Dockers, ilichapisha kijitabu cha kuonyesha jinsi ya kuvaa kazini bila suti, ikakituma kwa maofisa utumishi wapatao 25,000 nchini humo. Lilikuwa tangazo la biashara, na lilifaulu kwa kuwa pengo lilikuwepo kweli. Waajiri waliliacha swali bila jibu, muuza suruali akalijibu kwa faida yake.

Kwetu pengo hilo hujazwa na jicho la mwenye cheo. Tarehe 1 Juni 2021, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa kwenye ukumbi wa Bunge jijini Dodoma baada ya mbunge mwenzake mwanaume kulalamikia suruali yake kuwa inabana, na Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akamwamuru atoke akabadilishe. Baadhi ya wabunge wanawake walilalamika waziwazi, kwa kuwa hawakuona kosa katika vazi lile. Tazama jinsi jambo lenyewe lilivyo: watu wazima wenye akili timamu, ndani ya chombo kinachotunga sheria za nchi, wanaitazama suruali moja na kutoa hukumu mbili zinazopingana. Hali hiyo haiwezi kuepukika pale kigezo kinapokuwa "kubana" au "kukosa staha," kwa sababu maneno hayo hayaizungumzii nguo peke yake, yanauzungumzia pia mwili ulio ndani yake. Gauni moja, saizi moja, likivaliwa na wanawake wawili wenye maumbo tofauti, mmoja atapita mlangoni na mwingine atasimamishwa. Aliyesimamishwa ameadhibiwa kwa umbo alilozaliwa nalo.

Wala si Bunge peke yake. Julai 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ya Uganda ilitoa waraka wa mavazi kwa watumishi wake. Wanaume walitakiwa wavae suruali nadhifu, shati la mikono mirefu, koti na tai, na wasivae suruali za kubana. Orodha ya wanawake ilikuwa ndefu zaidi: sketi zisizofika magotini, nguo zisizo na mikono, nguo zinazoangaza, rangi kali za nywele na kucha ndefu zaidi ya sentimita 3, vyote vikapigwa marufuku. Nchini Tanzania waraka wa mavazi kwa watumishi wa umma umekuwepo tangu mwaka 2007, na kwenye malango ya taasisi nyingi utaona mabango yenye picha za nguo zilizopigwa msalaba mwekundu, nyingi kati yake zikiwa za kike. Historia yetu inaonyesha njia hii inakoweza kufika. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, wigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, vijana waliwavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya nguo walizovaa. Novemba 2014 mamia ya wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na kundi la wanaume waliodai kavaa vibaya. Ofisi si mtaani, najua. Lakini mzizi ni ule ule: mamlaka ya kuhukumu vazi la mtu inapoachwa bila mipaka, wa kwanza kuumia ni mwanamke.

Ndiyo maana naona kanuni nzuri ya mavazi ni kinga ya mfanyakazi kabla ya kuwa chombo cha mwajiri. Inamwezesha kusema, kwa adabu na kwa uhakika, kwamba alichovaa kimeruhusiwa ukurasa wa pili, aya ya tatu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 27, imeyataja mavazi kwa jina miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, sambamba na dini, jinsia, umri na ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama dini, jinsia, ujauzito na ulemavu, na vazi linagusa yote hayo: hijabu ya mmoja, gauni la mjamzito, kiatu cha mwenye mguu wa bandia. Mwajiri anayeandika kanuni bila kufikiria hayo anajitafutia kesi.

Sasa nije kwenye hali ya hewa, ambako hoja dhidi ya suti ina nguvu za kisayansi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walibuni kipimo cha uwezo wa nguo kuzuia joto la mwili lisitoke. Kipimo kimoja kililinganishwa na suti kamili ya mwanaume, inayomfanya mtu aliyeketi ajisikie vizuri katika chumba chenye nyuzijoto 21. Suruali nyepesi na shati la mikono mifupi ni karibu nusu ya kipimo hicho. Dar es Salaam, Januari na Februari, joto la mchana hufika nyuzi 32 na unyevu wa bahari juu yake. Kumvalisha mtu suti katika mji huo ni kujilazimisha kushusha ubaridi wa ofisi hadi ufanane na mahali ambako suti ilizaliwa, kisha kulipia umeme wa kuudumisha kila siku ya kazi. Halafu linakuja jambo ambalo wanawake wa maofisini wanalijua bila kuambiwa na mtafiti. Mwaka 2015 Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt wa Uholanzi walichapisha utafiti katika jarida la Nature Climate Change wakionyesha kwamba viwango vya ubaridi wa majengo vilikokotolewa kwa kutumia mwili wa mwanaume wa miaka 40 mwenye kilo 70, na kwamba hesabu hiyo inaweza kuzidisha joto linalozalishwa na mwili wa mwanamke kwa hadi asilimia 35. Mkurugenzi aliyevaa koti anaona kiyoyozi kiko sawa. Katibu wake amejifunika mtandio na sweta katikati ya kaskazi, huku nje watu wanatafuta kivuli.

Serikali ya Japani ililichukulia suala hili kwa uzito. Mwaka 2005 Wizara ya Mazingira, chini ya Waziri Yuriko Koike, ilianzisha kampeni iliyoitwa Cool Biz: viyoyozi vya maofisini viwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na wafanyakazi waache koti na tai. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi alijitokeza hadharani bila tai ili kuwatoa watu hofu. Watengenezaji wa tai walilalamika, na malalamiko yao yanaeleweka, lakini kampeni iliendelea, na wizara ilikadiria kwamba mwaka wa kwanza pekee ilipunguza tani 460,000 za hewa ya ukaa. Mimi navutiwa zaidi na mpangilio wake kuliko hizo tani. Wajapani, watu wanaojali sana taratibu za kazini, hawakusema tu vaeni mnavyoona inafaa. Walitaja nyuzijoto, wakataja nguo za kuacha, wakataja msimu, na kiongozi wao akavaa vile alivyowataka wengine wavae. Kila mtumishi alijua mipaka iko wapi. Na kwa kuwa kanuni yao ilifuata kipimajoto, inatukumbusha kwamba benki yenye matawi Nairobi na Mombasa haina sababu ya kuwa na kanuni moja ya mavazi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Julai yake inadai sweta. Mtumishi wa Mombasa akivaa kama mwenzake wa Nairobi atafika kazini shati limeloa.

Mfuko wa mfanyakazi ni jambo fupi kulieleza lakini gumu kulikwepa. Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma Tanzania kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, na katika sekta binafsi viwango vya kisheria kwa kazi nyingi viko chini ya hapo. Toa kodi ya chumba, nauli, chakula na ada za watoto, kisha umwambie mtu huyo awe na suti mbili za kupokezana na viatu vya ngozi. Vazi la nusu rasmi linamwokoa, mradi mwajiri asibadilishe gharama moja kwa nyingine. Zipo ofisi zinazoacha suti na papo hapo kudai shati la rangi fulani, suruali ya rangi fulani na kiatu cha aina fulani, kila mtu ajinunulie. Hiyo ni sare iliyojificha, na sare hununuliwa na mwenye kuitaka. Kipimo changu ni rahisi: kila kitu kilichotajwa kwenye kanuni kiwe kinapatikana kwenye masoko ya mitumba ya Karume, Gikomba au Owino, au kwa fundi cherehani wa mtaani, kwa bei ambayo mfanyakazi wa ngazi ya chini ataimudu bila kukopa.

Wapo wanaopinga kulegeza mavazi kwa hofu ya nidhamu. Wanasema mtu akivaa kizembe atafanya kazi kizembe, na siku hizi wanaweza hata kutaja tafiti. Ni kweli zipo. Mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky wa Marekani walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba watu waliovaa koti jeupe lililosemwa kuwa la daktari walikuwa makini zaidi kuliko walioambiwa ni koti la mchoraji. Jaribio hilo lilisifiwa duniani kote. Miaka saba baadaye watafiti wengine walirudia sehemu yake ya kwanza, kwa watu wengi zaidi, na hawakupata matokeo yale. Mwaka 2015 Michael Slepian na wenzake nao waliona kwamba mavazi rasmi huambatana na fikra pana zaidi, zisizonasa kwenye mambo madogo madogo. Ukizikusanya zote pamoja, unachoweza kusema kwa haki ni kwamba nguo huenda ikagusa hisia za mvaaji kwa kiasi fulani na katika mazingira fulani. Hakuna humo kinachothibitisha kwamba karani wa bohari atakosea hesabu kwa kukosa tai. Nidhamu ya kazi inaonekana katika kufika kwa wakati, kufunga hesabu na kumjibu mteja, na mambo hayo yanapimika bila kutazama kola ya mtu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo linamhusu mteja. Mtu anayepeleka akiba yake ya miaka benki, au anayemkabidhi wakili hati ya shamba la familia, anataka kuona dalili za uthabiti, na katika miji yetu wengi bado wanaziona katika koti na tai. Sioni haja ya kumbishia mteja huyo. Ninachokataa ni kumvalisha kila mfanyakazi kwa ajili ya mteja ambaye wengi wao hawatamwona. Katika benki hiyo hiyo kuna mtoa fedha wa dirishani, ofisa mikopo anayekwenda kukagua mashamba Morogoro, fundi wa kompyuta anayepita chini ya meza, na mhudumu anayepanda ngazi na chupa za chai. Kanuni iliyopangwa kwa kazi itamdai wa kwanza shati lililopigwa pasi na labda tai, itamruhusu wa pili viatu vya kuhimili matope, itamwachia wa tatu kadeti na fulana ya kola, na itampa wa nne sare na viatu visivyoteleza. Kanuni ya mkupuo mmoja, hata iwe ya suti au ya kuvaa utakavyo, inawakosea angalau wawili kati yao.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili kabisa: watu wazima hawahitaji kuelekezwa mavazi, waachie watajipima. Mfano unaotajwa sana ni wa General Motors ya Marekani. Mary Barra alipokuwa akiongoza idara ya rasilimali watu ya kampuni hiyo alifuta mwongozo wa mavazi wa kurasa 10 na kuweka agizo lisilozidi maneno mawili, la kuwataka watu wavae inavyofaa. Naupenda mfano huo, ila husimuliwa nusu. Meneja mmoja mkubwa alimwandikia Barra kulalamika, kwa kuwa watu wa kitengo chake walivaa jinzi na mara nyingine walilazimika kukutana na maofisa wa serikali kwa ghafla. Barra alimwambia akaongee na watu wake. Walikaa, wakakubaliana kwamba wanaokutana na maofisa hao wawe na suruali ya heshima kabatini, tayari kwa dharura. Maneno yale mawili, kwa hiyo, hayakumaliza kazi. Kilichoimaliza ni kikao ambacho wa chini alimweleza wa juu shida ikoje na wakatoka na makubaliano mahsusi. Ni ofisi ngapi kwetu ambako kijana wa mapokezi anaweza kumwambia mkuu wa idara kwamba hakubaliani naye kuhusu sketi yake? Mahali ambapo kauli ya bosi haijadiliwi, agizo la maneno mawili linageuka kuwa ladha ya bosi. Pakiwa na utamaduni wa kujadiliana, kanuni iwe fupi. Pasipo na utamaduni huo, karatasi ndiyo itakayosema kwa niaba ya mnyonge.

Watabaki wanaouliza kuhusu heshima ya kimwambao na ya Kiafrika. Mimi sioni mgongano. Zanzibar, Lamu na Mombasa, kanzu safi na kofia, na koti juu yake kwenye shughuli kubwa, ni vazi rasmi lenye umri mrefu kuliko ofisi zenyewe, na ng'ambo ya bahari nchini Oman mtumishi wa serikali huingia kazini na dishdasha na kilemba chake bila mtu kuhoji umakini wake. Mwalimu Nyerere na Kenneth Kaunda waliongoza nchi zao kwa miaka mingi wakiwa na suti zisizohitaji tai. Ghana ilianzisha mpango wa vazi la kitaifa la Ijumaa mwaka 2004 ili kuinua viwanda vyake vya nguo, na Kenya mwaka 2019 iliwataka watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa. Kwa hiyo shati la kitenge, batiki, kanzu, baibui na hijabu viandikwe wazi kwenye kanuni kama mavazi halali ya kazi, visiachwe kuwa upendeleo wa siku moja kwa wiki. Angalizo langu ni kwamba asilazimishwe mtu. Mobutu Sese Seko alipiga marufuku suti na tai nchini Zaire katika miaka ya 1970 kwa jina la uhalisia wa Kiafrika, akawavalisha watumishi wake koti la abacost, na marufuku hiyo haikuondoka hadi Aprili 1990. Wazaire waliokombolewa kutoka tai ya mkoloni walifungwa kola ya rais.

Je, kanuni yenyewe iandikwe vipi? Itaje nguo, isitaje miili. "Sketi au gauni lifike magotini mtu akiwa amesimama" linapimika. "Lisilotamanisha" halipimiki, na anayelitumia neno hilo anamtwisha mvaaji mawazo ya mtazamaji. "Nguo isiyochanika, isiyoonyesha nguo ya ndani, isiyo na maandishi ya siasa wala matusi" linatosha kufuta mlegezo, modo iliyotobolewa magotini na fulana za kampeni kwa pamoja, na linawahusu wanaume na wanawake kwa uzito mmoja. Kila katazo kwa wanawake litafutiwe lenzake kwa wanaume. Likikosa, liulizwe kwa nini lipo. Uingereza ililijadili hili kwa uchungu baada ya mwanamke mmoja kurudishwa nyumbani kutoka kazi ya mapokezi jijini London, Desemba 2015, kwa kukataa kuvaa mchuchumio. Watu zaidi ya 150,000 walitia saini kupinga, na kamati za bunge zikachunguza. Kiatu cha kisigino kirefu hakimsaidii mpokeaji wageni kupokea mgeni yeyote, na mwanaume katika kazi hiyo hiyo hakutakiwa kukivaa.

Utekelezaji una uzito sawa na maandishi. Anayekosea aambiwe faragha, na mtu mmoja aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, tena mara ya kwanza kwa maneno tu. Kumsimamisha mtu mlangoni mbele ya wateja, kumpiga picha na kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, au kumrudisha nyumbani na kumkata mshahara wa siku ni udhalilishaji, na hilo la mwisho linaweza pia kuvunja sheria, maana makato ya mshahara yana masharti yake. Wapewe watu miezi kadhaa ya kujipanga, hasa pale kanuni inapogusa mfuko. Mkurugenzi aifuate kanuni kwa herufi zote. Akija na jinzi siku ambayo karani amekatazwa, karatasi imekufa siku hiyo hiyo. Na kila mwaka ipitiwe upya na kikao chenye watu wa kila ngazi, wakiwemo dereva, mhudumu, mama anayenyonyesha na mwenye ulemavu, kwa sababu wao ndio wanaojua vazi linakwamia wapi.

Mwajiri unayesoma makala haya, kabla hujabandika kanuni yako ukutani, mpe kwanza dereva na mhudumu wa mapokezi waisome bila wewe kuwepo. Waulize watavaa nini Jumatatu na watakipata wapi. Wakishindwa kujibu, usiitie saini. Irudishe ikaandikwe upya, safari hii wao wakiwa mezani.